Video 281 na siku kumi na mbili za Rabia

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Nachingwea. Soko bado limefungwa, ila wafagiaji wameshalitimua vumbi la barabarani na malori mawili ya korosho yananguruma kuelekea ghalani. Kwenye ngazi ya kafe ya intaneti mwanamke wa miaka arobaini na mitatu amekaa, mkoba mapajani, anasubiri kufuli lifunguliwe.

Jina lake ni Rabia Chitanda. Mkobani ana daftari la jalada la bluu, sidii tupu za kumtosha siku nzima na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha ndani ya mfuko wa nailoni. Macho yake ni mekundu. Akipiga mwayo anaupiga mrefu, mpaka anayemtazama naye anaambukizwa.

"Ukitaka kuniuliza maswali, uliza sasa," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Mashine ikiwaka mimi siongei."

Mwenye kafe, Linus, kijana wa miaka ishirini na tisa, anafika na rundo la funguo. Tangu katikati ya mwezi uliopita, mtu wa kwanza anayemkuta hapo mlangoni ni huyuhuyu.

"Shikamoo, mama Isihaka. Kumbe unalala hapahapa?"

"Marahaba. Ningelala hapa si ungenitoza!"

Ndani kuna kompyuta nne na feni moja. Juu ya bati kuna dishi la setilaiti lililofungwa kwa waya wa uzio wa ng'ombe baada ya upepo wa mwaka jana. Rabia anakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya tatu, anafungua ukurasa ulioandikwa Tazama Kwetu, anateua namba moja na kubonyeza. Mstari mwembamba wa kijani unajitokeza chini ya kioo. Asilimia sifuri.

Kisha hakuna cha kufanya ila kusubiri. Asubuhi, kabla ofisi hazijaanza kutumia laini, video moja inashuka kwa saa moja hivi. Ikifika saa tatu inataka saa mbili na zaidi. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya.

"Juzi moja ilifika asilimia tisini na moja, ukakatika," anasema. "Tisini na moja! Nilitaka kulia, nikaona hata kulia nako ni kazi."

Leo ni Jumatano, tarehe 18 Novemba 2009. Tazama Kwetu, tovuti ya kuonyeshana video aliyoianzisha na mwenzake mmoja, itafungwa tarehe 30. Ina video 412 za jando na unyago, za arusi na za ngoma za mavuno kutoka wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Ameshaokoa 131. Zimebaki 281, na akijikaza sana anapata sita kwa siku.

Siku kumi na mbili mara sita ni sabini na mbili. Zinazobaki, mia mbili na tisa, zitapotea, na hazina nakala mahali popote duniani. Hesabu hiyo Rabia ameifanya mara nyingi, anasema, na kila mara jibu ni lilelile.

Alizaliwa Narung'ombe, kwenye familia ya wakulima wa korosho na ufuta. Mwaka 1993 aliingia kazini kwenye banda la video mjini Ruangwa, mali ya mfanyabiashara aitwaye Ausi. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, kutia mafuta kwenye jenereta na kurudisha kanda nyuma baada ya kila picha. Alilipwa shilingi mia tatu kwa siku na chakula cha mchana.

"Kurudisha kanda nyuma ndiyo shule yangu," anasema. "Nilijua kanda ikilia hivi inakwama, ikilia hivi ni nzima. Mpaka leo ninazijua kwa sauti. Ila huu mstari wa kijani haulii. Hauniambii kitu."

Mwaka 1996 Ausi alirudi kutoka Dar es Salaam na kamera kubwa ya begani. Aliijaribu siku tatu, akapiga picha miguu yake na dari la nyumba, akachoka. Rabia akaichukua. Miaka mitatu baadaye akainunua kwa mavuno mawili ya ufuta.

Kamera iliingia kwenye sherehe kama mgeni wa heshima. Wavulana wakitoka jandoni, wakiwa wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo mpya, Rabia alikuwa pale. Mwali akitolewa nje, Rabia alikuwa pale. Mambo ya ndani hakuyagusa, na hakuna aliyewahi kumwambia asiyaguse. "Mimi ni mtu wa huku," anasema. "Najua lenzi inafungwa wapi."

Mvua za El Niño zilipokata barabara, alivuka mabonde kwa miguu, kanda zikiwa kifuani ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Sherehe moja ilimpa shilingi elfu nane. Msimu mzuri, kuanzia Juni hadi Septemba, alifanya sherehe nne kwa mwezi. Msimu mbaya alilima.

Wazo la intaneti halikuwa lake. Mwaka 2006 alipiga picha sherehe ya Ruangwa ambayo mjomba wa mtoto, Filbert, hakuweza kuifikia kwa sababu alikuwa kwenye mitihani ya kompyuta Dar. Filbert alipopata kanda, majirani wa kwao kule Mbagala, watu wa Kusini watupu, walijaa sebuleni. Wakaitazama mara nne. Kesho yake wakarudi na shemeji zao.

Filbert akampigia Rabia simu. Akamweleza kwamba sasa kuna namna ya kuweka picha mahali ambapo mtu wa Mbagala, wa Tanga na hata aliyekwenda Msumbiji wanaitazama kwa wakati mmoja.

"Nikamwambia, mwanangu, umekula?" Rabia anacheka, na ndiyo mara ya kwanza asubuhi hii. "Nilidhani njaa inamsumbua."

Tazama Kwetu ilianza Januari 2007. Rabia alipiga picha, akatia kanda kwenye bahasha na kumpa kondakta wa basi la Dar. Filbert aliiingiza kwenye kompyuta, akaipandisha kwenye tovuti, akairudisha kanda kwa basi lilelile. Video ya kwanza ilikuwa ya dakika tatu tu, na ilichukua saa tisa kupanda. Kampuni moja ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa ikizitunza, bila malipo. Familia zililipa elfu kumi na tano, kupigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti kwa pamoja.

Ilipofika Juni walikuwa na video tisini, pamoja na za kanda zake za zamani. Watu waliitazama kutoka kafe za Temeke wakiwa wamesimama nyuma ya viti wanane wanane. Rabia alianza kusalimiwa na watu asiowajua stendi ya Ruangwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alibakiwa na laki moja na nusu kwa mwezi, akaezeka nyumba bati.

Halafu akaja baba mmoja wa Mbwemkuru, mzee Jumanne, na baiskeli yake.

"Aliilaza chini. Hakuiegemeza, aliilaza," Rabia anakumbuka. "Nikamwamkia, hakuitikia. Nikajua kuna msiba au mimi nimeua mtu."

Kwa wengi wa huku, mtoto akitoka jandoni anapewa jina jipya. Jina la utoto linaachwa huko porini. Kumwita mtu kwa jina hilo baada ya hapo ni tusi kubwa, na ni tusi kwa mama yake vilevile. Sasa, familia zilileta oda za picha wiki kadhaa kabla ya sherehe, wakati mtoto hana jina jingine ila lile la utoto. Rabia aliliandika kwenye daftari, akaliandika kwenye kibandiko cha kanda, kanda ikaenda Dar. Filbert, aliyekulia mjini, alinakili kibandiko kama kilivyo na kukifanya kichwa cha video.

Video tisini, na zile za jando zote na majina ya utoto, wazi kwa dunia nzima. Mtoto wa mzee Jumanne alikuwa kidato cha pili Temeke. Wenzake wa Kusini walimkaribisha darasani kwa jina aliloliacha porini, siku hiyo na kila siku iliyofuata, mpaka akagoma kwenda shule.

"Na mimi najua mila!" Rabia anapiga goti lake kwa kiganja. "Ningekuwa mgeni ningesema sikujua. Jina nimeliandika kwa mkono wangu huu, nikalitia kwenye basi. Sikuwaza. Nilikuwa na furaha mno, nikasahau kuwaza."

Aliitwa mbele ya wazee. Akakaa mkekani kuanzia asubuhi hadi alasiri, akaomba radhi kwa kila mzazi aliyekuja. Msimu ule wote hakuna aliyemwita kwenye sherehe. Kilichomrudisha kazini ni makubaliano matatu. Majina yaondolewe, kila video iwe na namba tu. Kila familia iwe na neno lake la siri la kufungulia ya kwake. Na ufunguo mkuu wa tovuti nzima aushike Rabia peke yake. Hata Filbert aliuachia.

Aliapa mbele yao. Ndiyo maana leo, ukimuuliza kwa nini asimpe mtu wa Dar mwenye laini nzuri azishushe zote kwa siku tatu, anakutazama kama umemwambia auze mtoto.

"Nilisema ufunguo ni mmoja. Nikimpa mtu leo, nilikuwa nasema nini siku ile?"

Namba zikafanya kazi. Mwaka 2008 Tazama Kwetu ilitazamwa mara elfu thelathini na moja. Kijidaftari cha bluu peke yake ndicho kilichojua namba ipi ni ya nani, na hakijawahi kulala nje ya mkoba wa Rabia.

Kosa la pili lilikuwa la kimyakimya. Kanda moja iligharimu shilingi elfu nne na mia tano, na kila iliporudi kutoka Dar, Rabia alirekodi sherehe nyingine juu yake. Kanda moja ilibeba sherehe nne, moja juu ya nyingine, ikabaki ya mwisho. Zile za zamani, za kamera ya begani, ziliota ukungu baada ya kupandishwa, akazitupa. Diski ya Filbert iliungua umeme uliporudi kwa kishindo.

"Nilijua ziko salama kule," anasema Rabia. "Kule wapi? Sijui hata ni nchi gani."

Septemba mwaka huu ikaja barua pepe. Kampuni ya ng'ambo inaifunga huduma hiyo ya bure. Iliandikwa kwa Kiingereza, ikakaa wiki tano bila kusomwa, kwa sababu Filbert sasa anasimika minara ya simu mkoani Rukwa na analala kwenye hema. Mtu anayejenga minara hana mtandao! Alipoisoma, alimpigia Rabia akilia. Rabia akapanga chumba Nachingwea na kuanza kushusha.

Kuna mitandao mikubwa ya video duniani ambako angeweza kuzihamishia. Wazee walishakataa. Kule, walisema, nyumba haina mlango.

Sasa kila siku anachagua. Sheria yake ni moja: aliyekuja mwenyewe kafe ndiye wa kwanza. Kama hakuna aliyekuja, anashusha zile ambazo mtu aliyemo ndani ameshafariki. Anazijua kwa kichwa. Katikati ya maongezi anataja: huyu alizama mtoni, huyu uzazi, huyu sijui nini, aliugua tu.

"Nikipumzika naziona zilizobaki zinanitazama," anasema, na anafumba macho kidogo. "Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mpaka nywele."

Saa tatu na nusu anaingia bibi mmoja mfupi, vumbi la safari hadi kwenye kope. Ni Bi Mwanne, anakadiria ana miaka sabini, ametoka Nanganga juu ya lori la korosho. Kiswahili chake kinakwenda kwa kuchechemea, na kikimwishia anamalizia kwa Kimwera, ambacho Rabia anakielewa vizuri.

Anaketi, anashusha pumzi, anaeleza shida yake. Mjukuu wake alitoka jandoni mwaka jana. Mama yake mjukuu, Sabaha, alicheza siku ile. Sabaha amefariki mwezi wa pili. Nyumbani hakuna hata picha yake moja. Neno la siri la familia alikuwa nalo yeye Sabaha, ameondoka nalo.

"Nataka nimwone mwanangu," anasema Bi Mwanne. "Basi. Sina lingine."

"Mjukuu anaitwa nani, mama?" Rabia anauliza, daftari mkononi.

"Huzaifa."

Rabia anafunga daftari. Huzaifa ni jina jipya. Daftari lina yale ya zamani tu, bila ya wazazi, na wavulana wa Nanganga waliotoka mwaka jana ni ishirini na mmoja. Chumba kizima kinaelewa palepale. Linus anajifanya anapangusa kioo cha kompyuta.

"Mama, ninong'oneze sikioni," Rabia anamwambia polepole. "Mimi na wewe tu."

"Hata kunong'ona sitaki."

"Nikusomee mimi, wewe uitikie kwa kichwa?"

"Ukilisema nitaondoka." Bi Mwanne hana hasira. Anasema kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Mtoto ameshatoka. Jina limebaki huko, siwezi kulifuata."

Mwandishi anakiri kwamba hapa alikasirika kidogo. Bibi wa watu amepanda lori kwa ajili ya binti yake, na neno moja dogo limekaa kati yao. Lakini Rabia hakukasirika. Alivuta kiti karibu.

"Haya. Nieleze siku yenyewe."

Bi Mwanne anaeleza. Ilikuwa Agosti. Wanawake walivaa kanga za njano. Chakula kilichelewa. Jogoo alipanda juu ya meza ya zawadi, akaangusha sahani za udongo, mpishi akamfukuza na mwiko.

"Jogoo mwekundu?" Rabia anauliza.

"Mweupe. Mwekundu alikuwa wa jirani."

Rabia anafumba macho. Anapitisha vidole hewani kama anarudisha kanda nyuma. Kisha anabonyeza namba 288. Mstari wa kijani unaanza kutambaa. Bi Mwanne anatoa muhogo kwenye mfuko wa Rabia bila kuuliza, anaumega, wanakula wote wawili.

Saa sita kasoro video inafunguka. Kanga ni za bluu. Si yenyewe.

"Pole, mama."

"Pole wewe, mwanangu. Macho yako yamekuwa kama pilipili."

Hata ile ya makosa si hasara, ina wenyewe, na Rabia anaiandika kwenye sidii. Anabonyeza 291. Saa nane na dakika ishirini, asilimia sitini na nne, umeme unakatika. Feni inazunguka kidogo peke yake, halafu inasimama. Linus anakwenda nje kutazama nguzo, kana kwamba nguzo itamjibu.

Umeme unarudi saa tisa. Wanaanza sifuri.

Saa kumi na moja na robo jioni namba 291 inafunguka. Kuna uwanja, kuna vumbi, kuna kanga za njano. Jogoo mweupe anapita. Kisha mwanamke mrefu anaingia katikati, kijana wake mabegani, anacheza huku uzito ule wote umemkalia shingoni, na anacheka kwa mdomo wote.

Bi Mwanne anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

"Kanga yangu hiyo!" anasema kwa nguvu. "Alinambia imepotea! Mwizi wewe, Sabaha, kumbe ulikuwa nayo!"

Anacheka, na machozi yanamtoka, hayafuti. Anamgombeza binti yake kwa Kimwera kwa dakika nzima. Anataka irudiwe. Inarudiwa mara tatu. Linus hajahesabu muda, na mwandishi aliona kwamba hakukusudia kuuhesabu.

Ndipo Bi Mwanne alipomgeukia mwenye kamera.

"Na wewe umo wapi humu?"

"Mimi ndiye niliyeshika kamera, mama. Mwenye kamera haonekani."

"Zote hizo? Mia ngapi? Wewe humo?"

"Yumo kwenye moja," Linus anadakia. "Namba saba."

"Linus! Huo mdomo wako utauweka kufuli lini?"

Lakini limeshatoka. Namba saba ni siku mwanawe Rabia, Isihaka, alipotoka jandoni Narung'ombe, mwaka 2000. Ausi alikuwepo, akamnyang'anya kamera, akasema leo mama mtu acheze. Alimpiga picha dakika moja hivi, kwa mkono unaotetemeka. Rabia anacheza na mama yake mzazi, wamefungana kiunoni kwa kitenge kimoja. Mama yake alifariki mwaka 2004. Katika miaka kumi na mitatu ya kupiga picha watu wa wilaya mbili, hiyo dakika ndiyo pekee ambayo kamera ilimtazama yeye.

Haijashushwa. Kwenye orodha yake imekaa ya mwisho, na orodha hiyo, kila mtu anajua, haitafika mwisho.

"Watu wanakuja kutoka mbali," Rabia anasema, akikusanya vitu vyake. "Mimi niko hapahapa. Nijiweke mbele ya mtu aliyepanda lori? Na mama yangu namkumbuka. Sisahau."

Baadaye kidogo, akiwa amesimama mlangoni, anaongeza: "Sauti yake ndiyo imeanza kunipotea."

Usiku huo Bi Mwanne alilala kwenye chumba cha Rabia. Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo, ngazi ya kafe ina watu watatu. Rabia na Bi Mwanne wamekaa. Amesimama pia mwanamume wa makamo kutoka Narung'ombe, aliyefika na basi la jana jioni kwa ajili ya video ya arusi ya dada yake.

Linus anafungua. Anamkumbusha Rabia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo ni Idd, na kwamba atafungua kama kawaida kwa ajili yake. "Ila sahani yangu ya pilau isisahaulike."

"Utakula mpaka ushindwe kusimama," Rabia anamjibu.

Kabla hajamaliza, Bi Mwanne amempita. Amekwenda kwenye mashine ya tatu, amekalia kiti, amefunga kanga yake vizuri na kuweka mikono yote miwili mezani.

"Mama, lori lako linaondoka saa mbili," Rabia anamwambia.

"Lori litaondoka. Sheria yako hapa inasemaje?"

"Sheria gani?"

"Aliyekuja mwenyewe ndiye wa kwanza. Jana umesema, na huyu kijana kasikia, na huyu mwandishi kaandika." Anamtazama mwandishi, mwandishi anatikisa kichwa kukubali. "Basi. Mimi nimekuja mwenyewe. Mimi ndiye wa kwanza. Nataka namba saba."

"Namba saba si yako, mama."

"Nimekuuliza ni ya nani? Jina siwezi kulisema, namba naweza. Saba. Bonyeza."

Rabia amesimama na mkoba wake. Anamtazama Linus, Linus anatazama dari. Anamtazama yule mwanamume wa Narung'ombe, ambaye haelewi kinachoendelea na kofia yake iko mkononi. Rabia anafungua mkoba, anaufunga, anaufungua tena. Tangu jana mwandishi hajamwona hivyo, hata umeme ulipokatika.

Anainama juu ya bega la Bi Mwanne. Anabonyeza.

Mstari wa kijani unatokea. Asilimia sifuri, kisha moja.

Wakati unatambaa, Rabia anaeleza anachotarajia kufanya Desemba. Sidii zote atakazopata atazitia kwenye sanduku la bati na kuzipeleka kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, Mbwemkuru, Nanganga, Narung'ombe. Kwa wale ambao zao zitakuwa zimepotea atakwenda pia, na mikono mitupu, akae mkekani tena. Filbert amemwahidi kurudi mwakani. Safari hii wanataka mashine yao wenyewe ya kutunzia, iwekwe Ruangwa, kwenye chumba chenye kufuli ambacho mtu anaweza kwenda kukigonga. Fedha hawana. Kamera ipo.

Asilimia kumi na nne. Bi Mwanne ameanza kusinzia kitini bila kuachia meza.

Yule mwanamume wa Narung'ombe anakohoa kidogo. "Samahani, dada. Nimekuja kwa ile ya arusi, 2007. Nimeambiwa anayekuja mwenyewe hasubiri."

Rabia anafungua mdomo, na mkono wake unakwenda kwenye daftari kwa mazoea. Halafu anaurudisha. Anavuta kiti kingine, anampa mgeni.

"Karibu, kaka, kaa," anasema. "Kuna mtu mbele yako."